Mtoto Asiyependa Kusoma Tumtafutie Kitabu Chake

Hotuba ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya umoja wetu



Kamati ya Elimu imepewa nafasi ya kuzungumza kabla harambee haijaanza. Mmezoea kutusikia tukisema habari za madarasa, madawati, nyumba za walimu na matundu ya vyoo. Mahitaji hayo bado yapo na wenzetu watayaeleza. Leo sisi tunaomba kuzungumza juu ya jambo ambalo halina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Tunazungumza juu ya mtoto ambaye amefundishwa kusoma, lakini hapendi kusoma.

Mtoto huyo mnamfahamu. Yuko katika nyumba zetu nyingi, Gairo na hata huko mijini mnakoishi. Anasoma ujumbe kwenye simu ya mama yake. Anasoma majina ya mabasi yanayopita barabara kuu. Anajua wachezaji wote wa Simba na Yanga pamoja na namba zao za jezi. Lakini mpe kitabu, atakwambia kichwa kinamuuma. Ukimlazimisha, atafungua ukurasa mmoja na kuutazama mpaka utakapoondoka.

Wapo wanaosema mtoto wa namna hiyo ni mvivu, na dawa yake ni fimbo. Wengine wanasema kila mtu na kipaji chake, aachwe akachunge au akafanye biashara. Kamati yenu haikubaliani na pande zote mbili, na tunaomba mtusikilize kwa nini.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walipita majumbani katika wilaya nyingi za Tanzania wakiwapima watoto. Waligundua kwamba watoto kama 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Taarifa ile ilishtua nchi. Miaka iliyofuata serikali iliweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kuanzia mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulijengwa juu ya hayo matatu. Walimu wetu wamefanya kazi kubwa, na tunawapongeza.

Lakini kujua kusoma ni kama kujua kuendesha baiskeli. Ukifundishwa, kisha baiskeli ikaondolewa, hutapata wepesi. Mtoto anayesoma ubaoni tu husoma polepole. Kwa kuwa anasoma polepole, hadithi inamchosha kabla haijanoga. Kwa kuwa inamchosha, anaiacha. Kwa kuwa anaiacha, anaendelea kusoma polepole. Duara hilo likimzunguka mpaka darasa la saba, anaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote ni ya Kiingereza. Mtoto ambaye ukurasa wa Kiswahili unamlemea atafanya nini na ukurasa wa Baiolojia? Wengi mnawajua vijana wetu waliokwamia hapo. Wengi wao walikuwa na akili nzuri, tatizo lao lilikuwa ni kukosa mazoezi ya macho.

Na tusidhani habari hii inaishia kwenye mtihani. Tazameni mikopo hii ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Mkataba unakuwa na kurasa tatu au nne. Mkopaji anajua kusoma kabisa, lakini hajawahi maishani mwake kusoma kurasa nne mfululizo, basi anauliza, "Nisaini wapi?" Mauziano ya shamba nayo ni hivyo hivyo. Karatasi ya dawa ya mifugo na maelekezo ya kuchanganya dawa ya mahindi nayo ni hivyo hivyo. Asiyezoea kusoma huishi kwa kuambiwa, na si kila anayemwambia anamtakia mema.

Wazee wetu waliliona hili mapema. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wengi nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baadhi yenu mliomo humu mliwafundisha wazazi wenu chini ya miembe. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakikaa vikundi wakisikiliza redio na kusoma vijitabu vyake. Viongozi wa wakati ule walijua kwamba mtu aliyefundishwa kusoma bila kupewa cha kusoma atasahau. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijiji, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, lililoanzia Kanda ya Ziwa. Maktaba zile nyingi zimekufa. Leo kwa mtoto wa kijijini kitabu ni kile cha kiada tu, na kitabu cha kiada kinakuja na maswali, alama, na pengine viboko. Tusishangae akikikimbia.

Kwanza tujue anakimbia nini

Mganga haanzi kwa dawa, anaanza kwa kuuliza. Nasi tunapomwona mtoto hapendi kusoma, tuulize kwanza sababu, maana sababu haziko sawa.

Wapo ambao hawajui kusoma vizuri na wanaficha. Mtoto wa darasa la tano anayekariri aya baada ya kusikia wenzake atakudanganya mwaka mzima. Mpe karatasi ambayo hajaiona, akae na wewe peke yenu, utajua. Huyo anahitaji kurudishwa nyuma kwa upole, kwenye vitabu vya picha na sentensi fupi, bila mdogo wake kuwapo kumcheka.

Wapo ambao hawaoni vizuri. Mtoto anayesogeza kitabu karibu na pua, anayelalamika kichwa kila akisoma, au anayenakili ubaoni kwa kuchungulia daftari la jirani, apelekwe apimwe macho kabla hajaitwa mzembe.

Wapo waliolelewa kwa Chikaguru, Chigogo, Kinguu au Kimaasai, na Kiswahili wamekutana nacho darasani. Kwa mtoto huyo kila sentensi ina kazi mbili: kuitamka na kuielewa. Wapo wasio na muda, maana wakirudi shule ni kuchota maji, kutafuta kuni na kufuata mbuzi, na giza likiingia hakuna taa. Na wapo waliochekwa siku moja waliposimamishwa kusoma kwa sauti mbele ya darasa, na tangu siku hiyo kitabu na aibu kwao ni kitu kimoja.

Mwishoni yupo yule ambaye hana tatizo lolote kati ya hayo. Anasoma vizuri, anaona vizuri, ana muda. Hajakutana tu na kitabu kinachomhusu. Huyu ndiye mwepesi kusaidiwa, na ndiye tunayempoteza kwa uzembe wetu sisi wakubwa, kwa sababu tunampa kitabu tunachokitaka sisi.

Kitabu gani, kwa mtoto gani

Kanuni ya kwanza ni kuanza na mtoto. Anapenda nini? Anazungumza nini akiwa na wenzake? Anayependa mpira aanze na Mwanaspoti. Ndiyo, gazeti! Habari ya mechi aliyoisikia redioni ataisoma mpaka mwisho, kwa sababu anajua matokeo na anataka kujua yalipatikanaje. Mpenda vichekesho apewe katuni. Ninyi mliokuwa vijana miaka ya 1980 mnalikumbuka jarida la Sani: mlikuwa mkigombea kina Ndumilakuwili, Kipepe na Lodi Lofa, na wengi wenu mlipata wepesi wa kusoma hapo, ingawa walimu walikuwa wakiyakamata chini ya madawati. Picha haimharibu msomaji, inamshika mkono.

Kanuni ya pili ni wembamba. Mtoto asiyezoea hutazama unene wa kitabu kabla ya jalada. Kitabu cha kurasa 16 akikimaliza amepata ushindi, na mwenye kuonja ushindi hurudi. Hekaya za Abunuwasi zimedumu miaka mingi kwa sababu hiyo: kila kisa ni kifupi, kinachekesha, na mnyonge anamshinda mwenye nguvu kwa akili.

Kanuni ya tatu inahusu ugumu wa maneno, na walimu wa nchi nyingi huitumia. Mwache mtoto asome ukurasa mmoja. Kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho bado ni kigumu kwake, kiwekwe mpaka siku nyingine. Vidole viwili au vitatu ni sawa, ataendelea kujifunza.

Kanuni ya nne ni ruhusa. Mwalimu mmoja wa Ufaransa, Daniel Pennac, aliandika kitabu mwaka 1992 akataja haki kumi za msomaji. Miongoni mwake ziko haki ya kutosoma, ya kuruka kurasa, na ya kutokimaliza kitabu. Kwetu haki hizo zinaweza kusikika kama kudekeza watoto. Lakini jiulizeni ninyi wenyewe: gazeti mnalisoma kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho? Mtoto akisema kitabu hiki kibaya, tusimwambie malizia. Tumuulize kibaya kwa nini, kisha tumpe kingine. Jibu lake ndilo litakalotuonyesha cha kumpa.

Kwa walio sekondari, hazina ya Kiswahili ni kubwa na wengi hawaijui, kwa sababu wanaijua ile ya mtihani tu. Kijana anayependa sinema za upelelezi mpeni Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, akutane na Bwana Msa na kiko chake. Akimaliza, atajitafutia mwenyewe Joram Kiango wa Ben Mtobwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Hao wawili ni wa vijana waliokwishakua, kwa hiyo mzazi asome kwanza, na tunawaonya kwamba huenda mzazi asikirudishe. Anayependa safari na maajabu apewe Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba. Anayependa kufikiri apewe Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu chembamba kilichotoka mwaka 1951 chenye mambo ambayo hata leo yanaumiza. Msichana anayependa habari za watu na mapenzi na historia ataishi siku nyingi ndani ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi.

Kwa wadogo, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Dar es Salaam mwaka 1991 umesaidia waandishi wa Kitanzania kutoa hadithi nyingi za Kiswahili zenye michoro ya kwetu: nyumba zinazofanana na zetu, mbuzi wanaofanana na wetu. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E & D Vision nao wanavyo vya watoto. Na kwa wenye simu, wapo African Storybook, ulioanza mwaka 2014 kutoka Afrika Kusini. Unaweka mtandaoni hadithi fupi za watoto, nyingi kwa Kiswahili, bure, na mtu anaruhusiwa kuzishusha na kuzichapa. Walimu waliogawiwa vishikwambi baada ya Sensa ya 2022 wanaweza kuzitumia darasani tangu kesho.

Nyumbani pasipo na vitabu

Tunajua swali linalokuja: je, mzazi ambaye mwenyewe hakusoma atafanya nini?

Anaweza kufanya mengi. Amwambie mtoto, "Nisomee." Mtoto anayemsomea bibi yake hasomi kwa ajili ya alama. Bibi hatamsahihisha matamshi, atamuuliza, "Halafu ikawaje?" Swali hilo lina nguvu kuliko maswali kumi ya ufahamu. Mzazi anayejua kusoma naye afanye kinyume chake: amsomee mtoto jioni, hata aliye darasa la sita, na akifika pale panapotisha afunge kitabu aseme tutaendelea kesho. Akiondoka akiacha kitabu mezani, asirudi haraka.

Wenye umri wetu mnakumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, jinsi tulivyokuwa tukikaa kimya kumsikiliza Mama Debora Mwenda. Hakuna aliyetulazimisha. Hamu ya hadithi tulikuwa nayo, nayo ndiyo iliyotupeleka kwenye vitabu. Watoto wa leo wana hamu ile ile, ila imekosa mtu wa kuianzishia.

Tuwape mfano mmoja, bila kumtaja mtu. Katika kijiji kimoja kando ya barabara kuu yuko kijana wa darasa la sita ambaye mama yake anauza viazi vitamu kwa wasafiri. Mwalimu wake alisema hajawahi kumwona na kitabu kwa hiari. Mjomba wake, anayefanya kazi mjini, akaanza kumtumia gazeti la michezo kwa basi, kila alipopata nafasi. Gazeti lilikuwa limeshapitwa na siku mbili au tatu, lakini kijana hakujali. Baada ya muda mjomba akaweka ndani ya gazeti kitabu chembamba cha hadithi, bila kusema neno. Kijana alikiacha kwa wiki kadhaa. Siku moja gazeti halikuja, na hakuwa na kingine cha kusoma. Hatuwezi kuwaambia kwamba leo ni msomaji mkubwa. Vitabu vinene bado anavikwepa. Lakini tunachokijua ni kwamba wateja wakipungua barabarani anamsomea mama yake kwa sauti, na wauzaji wa meza za jirani wamezoea kusogeza ndoo zao karibu ili wasikie.

Tumeutaja mfano huo kwa sababu ya mjomba. Kwetu Wakaguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno lake kwa mpwa. Wajomba wengi wa Gairo mko humu ukumbini. Mnatuma hela ya sare, mnatuma hela ya mahindi ikipungua. Tunawaomba muongeze kitabu ndani ya kifurushi. Basi linalotoka Dar es Salaam asubuhi linapita Gairo siku hiyo hiyo.

Hadithi zetu ziko wapi

Kuna jambo ambalo huenda wengi hamlijui. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja huku Ukaguru mtafiti Mmarekani aitwaye T. O. Beidelman. Alikaa, akajifunza lugha, akasikiliza hadithi za wazee. Mwaka 1961 jarida la Africa, linalotolewa London, lilichapisha makala yake juu ya hadithi ya Wakaguru ya Fisi na Sungura. Baadaye akaandika vitabu vizima juu yetu. Ina maana kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu cha Ulaya anaweza kuingia maktaba leo akasoma jinsi Sungura wetu alivyomzidi akili Fisi, lakini mtoto wa Chakwale au wa Mandege hana mahali pa kuisoma.

Wazee wanaozijua hadithi hizo wanapungua kila mwaka. Tunapendekeza jambo ambalo halihitaji mfadhili. Likizo hii, kila mtoto wa shule amwendee bibi au babu, asikilize hadithi moja, aiandike kwenye daftari kwa Kiswahili au kwa Chikaguru, na achore picha. Madaftari yakusanywe, yasahihishwe kidogo, yashonwe na kutiwa jalada gumu. Hicho ni kitabu. Kitasomwa na kila mtoto shuleni, kwa sababu kimeandikwa na mtu wanayemjua juu ya mahali wanapopajua. Mtoto asiyependa kusoma mara nyingi hupenda kusoma alichokiandika mwenyewe, kisha alichoandika rafiki yake, na kutoka hapo njia imefunguka.

Tunachoomba leo

Ndugu zetu, sasa tufike kwenye mfuko.

Tunaomba harambee ya leo itenge fungu la masanduku ya vitabu vya hadithi kwa shule zetu za msingi. Tunasema masanduku, kwa sababu kujenga maktaba kila kata kutachukua miaka mingi, na mtoto wa darasa la tatu hawezi kungoja. Sanduku la mbao lenye kifuniko kinachozuia mvua na panya, likiwa na vitabu vyembamba mchanganyiko, linakaa shule moja muhula mmoja, kisha linahamia shule ya pili na lile la pili linakuja huku. Hivyo kila shule inapata vitabu vipya bila kununua vipya. Kwa vijiji vya tambarare bodaboda inatosha. Kwa vile vya milimani tutahamisha kabla ya mvua kubwa. Kule Garissa nchini Kenya, mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilianza kuwabebesha ngamia vitabu kuwafuata watoto wa wafugaji jangwani. Ikiwa ngamia anaweza, pikipiki yetu haina sababu ya kushindwa.

Tumejiwekea masharti, na tunayasema hadharani ili mtubane nayo.

La kwanza, vitabu viwe vya Kiswahili kwa sehemu kubwa, na viwe vya hadithi. Wapo watu wema wa ng'ambo wanaotuma makasha ya vitabu, tunawashukuru, lakini kitabu cha Kiingereza kinachoeleza jinsi ya kufagia theluji hakimsaidii mtoto wa Idibo anayejikongoja na Kiswahili.

La pili, watoto washiriki kuchagua. Kabla ya kununua vingi tutapeleka nakala moja moja, tuone zipi zinagombewa na zipi zinalala.

La tatu, hakuna mtihani juu ya vitabu hivi. Hakuna muhtasari wa kuandika, hakuna alama, hakuna adhabu.

La nne, na hili ndilo gumu: sanduku halitafungwa kwa kufuli ofisini. Tunajua kwa nini vitabu hufungiwa. Mwalimu anaogopa vitapotea na ataulizwa yeye. Basi leo umoja huu umwondolee hofu hiyo. Kuwe na daftari la kuazima, na wanafunzi wawili wa kulisimamia. Vitabu vingine vitapotea, vingine vitarudi vimechanika na vina mafuta ya taa. Tuhesabu hiyo kuwa gharama ya kazi, kama vile mkulima anavyojua kwamba si kila mbegu itaota. Kitabu kilichochakaa kimesomwa. Kitabu kinachong'aa baada ya miaka mitano kabatini ndicho kilichopotea.

Bei ya kitabu kimoja chembamba cha hadithi haifiki sahani mbili za chipsi kuku za mjini. Aliye na uwezo wa kununua sanduku zima na anunue, na aliye na uwezo wa kitabu kimoja asione haya. Haba na haba hujaza kibaba. Wenye vitabu vya Kiswahili vilivyolala nyumbani, watoto wenu wakiwa wamekwishakua, vileteni. Wanaojua kutengeneza masanduku, tunawahitaji. Vijana wetu mlioko vyuo, Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam, likizoni tupeni siku moja mkawasomee wadogo zenu. Kijana wa chuo anayeonekana na kitabu mkononi kijijini kwao ni fundisho kuliko hotuba hii.

Mwaka kesho tukikutana hapa, msituulize tumenunua vitabu vingapi. Tuulizeni daftari la kuazima lina kurasa ngapi zilizojaa. Tuulizeni ni vitabu gani vimeisha jalada. Tuulizeni kuhusu yule mtoto asiyependa kusoma, tena mtuulize kwa jina lake, maana kila mmoja wenu anamjua mmoja.

Mungu aibariki Gairo. Tunamkaribisha Ndugu Mwenyekiti afungue harambee, na Kamati ya Elimu inaanza yenyewe: ahadi yetu ni sanduku la kwanza.